Maji Kabla ya Mkono: Mwongozo wa Kuosha Gari Nyumbani katika Ukanda wa Pwani

Rangi ya gari haiharibiwi sana na uchafu uliotulia juu yake. Huharibiwa na uchafu huo unaposuguliwa, na jambo hilo moja ndilo linalopaswa kuongoza kila hatua ya uoshaji, kuanzia mahali gari linapoegeshwa hadi namna kitambaa cha kukaushia kinavyoshikwa. Uoshaji uliozoeleka majumbani huanza kinyume chake, kwa kuwa mwoshaji huchovya kitambaa ndani ya ndoo yenye povu, akakipitisha juu ya boneti iliyojaa vumbi kavu, na kwa dakika chache akaikwaruza rangi kuliko ilivyokwaruzwa katika safari zote za wiki nzima. Mwongozo huu unahusu uoshaji wa gari kwa mkono nyumbani, hasa katika ukanda wa pwani unaoanzia Malindi na Mombasa hadi Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, ambako mchanga, hewa ya chumvi na maji ya visima hukutana juu ya gari moja.

Ili sababu za hatua zinazofuata zieleweke, inafaa kwanza kufahamu jinsi rangi ya gari ilivyojengwa. Juu ya bati hupakwa tabaka la msingi linalozuia kutu na kuishika rangi, juu yake huja rangi yenyewe, na juu ya rangi hiyo, katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980, hupakwa utando angavu usio na rangi ambao mafundi huuita klia. Tabaka zote hizo kwa pamoja huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, mikroni moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita, na utando angavu peke yake huwa na mikroni 35 hadi 50 hivi. Utando huo mwembamba ndio unaobeba kazi kubwa zaidi, kwani ndani yake mna kemikali zinazonyonya mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na unapolika, jua huifikia rangi iliyo chini, rangi hufifia, na hatimaye paa na boneti huanza kubambuka kwa mabaka meupe kama yanavyoonekana katika magari mengi yaliyozeeka juani.

Vumbi la barabarani kwa sehemu kubwa ni chembe za silika, yaani madini yaleyale yanayounda mchanga wa kawaida. Katika kipimo cha Mohs, ambacho hupanga ugumu wa madini kuanzia 1 kwa ulanga hadi 10 kwa almasi, silika iliyo katika mchanga hufikia 7, hali kioo cha kawaida kikiwa kati ya 5 na 6, kwa hiyo chembe inayoweza kukikwaruza kioo haiwezi kushindwa na utando wa rangi. Chembe hiyo ikinaswa kati ya kitambaa na bati, kitambaa hugeuka kuwa msasa, na alama zake huonekana jua linapopiga juu ya gari jeusi au la buluu iliyokoza: mikwaruzo midogo isiyohesabika inayojipanga kama utando wa buibui kulizunguka jua lenyewe. Mikwaruzo hiyo haioshwi ikatoka. Huondolewa kwa kung'arisha, na kung'arisha maana yake ni kuupunguza ule utando angavu hadi ulingane na kina cha mkwaruzo, jambo ambalo haliwezi kurudiwa mara nyingi.

Suala hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki kwa sababu magari mengi ya familia huingia yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane tangu yaliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na hata gari linalokidhi sharti hilo huwa limekwisha kutumia sehemu ya maisha ya rangi yake kabla ya kushushwa bandarini. Baadhi ya magari hayo hutoka maeneo ya kaskazini ya Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na hivyo huwasili yakiwa na kutu iliyoanza chini ya sakafu. Mwenye gari la namna hiyo hana utando wa kupoteza, na kwa familia nyingi gari ndiyo mali kubwa kuliko zote baada ya nyumba.

Uoshaji ufanyike kivulini, asubuhi mapema au jioni, baada ya injini na bati kupoa. Kipimo chepesi ni kuweka kiganja juu ya boneti: ikiwa kiganja hakiwezi kutulia hapo kwa raha, maji na sabuni vitakauka kabla ya kusuuzwa na kuacha madoa. Kivuli cha ukuta au cha kibanda ni bora kuliko cha mti, kwa kuwa mwembe hudondosha utomvu unaonata, na miti mikubwa ya mijini hukaliwa na kunguru weusi wenye asili ya Bara Hindi, ambao waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wameenea katika miji yote ya pwani. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, na kikiachwa juani huila klia na kuacha kovu ambalo sabuni haiwezi kuliondoa; kwa sababu hiyo kiondolewe siku ileile, bila kusubiri zamu ya kuosha gari zima, kwa kukifunika kwa kitambaa kilicholowa kabisa kwa dakika kadhaa hadi kilainike, kisha kukiinua badala ya kukifuta.

Kuhusu maji, swali la kwanza ni yanatoka wapi. Visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vilivyo karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi, na vingine hutoa yale yanayoitwa maji magumu, yaani maji yaliyoyeyusha kalisi na magnesi kwa wingi, ambayo hayatoi povu kwa urahisi na yakikauka huacha miduara myeupe juu ya bati na vioo. Maji hayo yanaweza kutumiwa kuondoa tope la mwanzo na kuosha tairi, lakini maji ya mwisho yanayopita juu ya rangi yanapaswa kuwa ya bomba la mamlaka au ya mvua. Ndoo mbili za maji ya mvua zilizotengwa kwa ajili ya suuzo la mwisho zina faida kubwa kuliko saa nzima ya kumwaga maji ya kisima chenye chumvi, maana kuliosha gari kwa chumvi na kuliacha likauke nayo ni kulirudishia kile kilichokusudiwa kuondolewa.

Maji mengi si sharti la usafi. Mpira wa bustani ulioachwa wazi hutoa kati ya lita 10 na 20 kwa dakika, kwa hiyo nusu saa ya kuuacha ukitiririka huweza kumaliza zaidi ya lita 300, hali kazi yote ikipangwa vizuri hutosha kwa lita 60 hadi 80. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa madumu, bomba la kupulizia dawa za mimea, lile linalobebwa mgongoni na kupigwa kwa mkono, ni chombo kinachofaa sana, kwani hulowesha gari zima kwa lita chache na kwa nguvu inayotosha kung'oa vumbi. Sharti lake ni moja lisilo na msamaha, nalo ni kwamba liwe jipya au limetengwa kwa kazi hiyo tu, lisiwe limewahi kutiwa sumu ya wadudu au ya magugu.

Vifaa vingine ni vichache. Zinahitajika ndoo mbili za lita 20, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu. Glovu ya kuoshea iliyofumwa kwa maikrofaiba, ambazo ni nyuzi za sanisi nyembamba mno, zenye uwezo wa kuivuta chembe ya mchanga ndani na kuiweka mbali na rangi. Brashi ya nywele laini kwa ajili ya tairi. Na vitambaa viwili vikubwa vya kukaushia. Sifongo bapa haifai kwa rangi kwa kuwa haina mahali pa kuificha chembe, nayo huisukuma mbele juu ya bati. Dodoki lisikaribishwe kabisa, kwa sababu ugumu uleule unaolifanya lifae kwa nyayo huliharibu gari. Fulana kuukuu inaweza kutumika kwa rimu na sehemu za chini, lakini mishono yake hukwaruza, na vifungo vya shati ni vibaya zaidi.

Sabuni inastahili maelezo marefu kidogo, maana hapa ndipo uzoefu wa jikoni na wa kufulia hupotosha. Kazi ya sabuni hufanywa na molekuli zenye ncha mbili, moja hushikamana na maji na nyingine na mafuta, hivi kwamba uchafu wenye mafuta hunyanyuliwa na kuelea hadi usuuzwe. Lakini juu ya gari sabuni ina kazi ya pili ambayo kwenye nguo haina uzito mkubwa, nayo ni kulainisha njia ili chembe iliyobaki iteleze badala ya kukwaruza. Sabuni ya unga ya kufulia huwa na pH ya karibu 10, pH ikiwa ni kipimo cha uasidi na ualikali ambacho 7 ndiyo katikati yake, na punje zake zisizoyeyuka vizuri huwa ni mchanga mwingine unaoongezwa ndani ya ndoo. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hutengenezwa kwa lengo la kung'oa mafuta, hivyo huing'oa pia nta iliyopakwa kuilinda rangi. Shampuu ya magari iliyo karibu na pH 7 ndiyo inayofaa, itumike kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa bila kuzidishwa kwa tamaa ya povu, kwani ziada yake hudai maji mengi ya kusuuza na ikikauka huacha ukungu. Asiyeipata atumie kijiko kimoja au viwili vya sabuni ya vyombo katika ndoo nzima, huku akijua kwamba atapaswa kurudishia nta mapema zaidi.

Tairi na rimu huoshwa mwanzo, kwa maji yake na brashi yake, kwa sababu vumbi jeusi la breki lina chembe za chuma ambazo hazipaswi kuingia kwenye ndoo ya rangi. Gari lililotoka safarini lipumzishwe kwanza, kwani maji baridi yakimwagwa juu ya diski za breki zenye moto mkali huweza kuzipinda, na dereva atalihisi tatizo hilo kama mtetemo kila anapofunga breki.

Baada ya hapo huja hatua ambayo thamani ya kazi yote imo ndani yake, yaani kulilowesha gari zima bila kuligusa. Maji yaanzie kwenye paa, yashuke kwenye vioo, boneti, buti na milango, na kumalizia kwenye bampa na madigadi, kisha yaachwe yafanye kazi kwa dakika mbili au tatu ili tope lililokauka lilegee, halafu yapitishwe tena. Mwenye bomba la mgongoni anaweza kutia shampuu kidogo katika maji ya mzunguko huu wa kwanza. Mwenye mashine ya maji ya nguvu aishike umbali usiopungua sentimita 30 kutoka kwenye bati, na asiielekeze kwenye mipira ya milango, kwenye injini, wala mahali ambapo rangi imekwisha kuchanika, kwani msukumo wake huingia chini ya ufa na kuinua rangi iliyokuwa bado imeshika. Mwoshaji asiwe na haraka hapa. Ikiwa kidole kikipitishwa kwa wepesi chini ya mlango bado kinahisi mchanga, maji hayajatosha.

Ndipo mkono uguse rangi. Glovu ichovywe kwenye ndoo ya sabuni, ipitishwe juu ya sehemu moja ya gari, kwa mfano nusu ya paa, kwa mistari iliyonyooka na bila kukandamizwa, kisha kabla ya kurudi kwenye sabuni ichovywe na kukamuliwa kwenye ndoo ya maji matupu, ili mchanga ulionaswa ubaki huko. Huo ndio msingi wa ndoo mbili, na mwenye shaka nao atazame chini ya ndoo ya maji matupu mwishoni mwa kazi, maana mchanga atakaouona umetulia hapo ungekuwa umezungushwa juu ya rangi ya gari. Mistari iliyonyooka hupendekezwa badala ya miduara kwa sababu mkwaruzo ulionyooka huonekana kwa pembe chache za mwanga, ilhali wa mduara huonekana kutoka kila upande. Kazi ishuke kutoka juu kwenda chini, na theluthi ya chini ya milango, bampa na eneo la nyuma ya tairi viachwe mwisho, ikiwezekana kwa glovu nyingine. Glovu ikianguka chini isitumike tena siku hiyo, hata ikisuuzwa namna gani. Sehemu iliyokwisha kusuguliwa isuuzwe kabla ya povu kukauka, na katika joto la pwani hilo humaanisha kusuuza baada ya kila sehemu mbili au tatu.

Madoa ya lami huondolewa kwa tone la mafuta ya taa juu ya kitambaa laini, na mahali hapo paoshwe kwa shampuu mara moja. Vioo havihitaji ustadi zaidi ya kitambaa chake safi, ila mpira wa waipa unapaswa kuinuliwa na kufutwa, kwa kuwa mchanga uliojificha chini yake ndio unaochora upinde juu ya kioo cha mbele mvua ya kwanza inaponyesha.

Suuzo la mwisho hufanywa kwa maji safi yanayotiririka polepole, bila kichwa cha mpira wala kupulizia, ili yashuke kama shuka moja na kuondoka na matone mengi yaliyobaki. Kukausha si hiari pwani, kwa sababu tone likiachwa lijikaushe lenyewe juani huondoka maji yake na kubakiza chokaa na chumvi. Kitambaa kikubwa cha maikrofaiba kitandazwe juu ya bati na kupigwapigwa au kuvutwa taratibu kwa uzito wake tu. Kile kitambaa kizito cha bandia kinachouzwa kwenye foleni za magari ndani ya kopo la plastiki hunyonya maji vizuri, lakini uso wake ni bapa, kwa hiyo kitumike kwa kulazwa na kuinuliwa, wala si kwa kusugua.

Nta ipakwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, juu ya rangi iliyo safi, kavu na baridi. Ile ya asili inayosifiwa zaidi ni karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mchikichi unaokua kaskazini-mashariki mwa Brazili, nayo hufanya maji yajikusanye matone na kuporomoka, hivyo vumbi na kinyesi cha ndege havishiki kwa nguvu. Tabaka lake liwe jembamba. Tabaka nene hufutika kwa shida na halilindi zaidi.

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu kinachoonekana, lakini gari la pwani hufa kwa kisichoonekana. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni mbele ya maji, na chumvi huharakisha muungano huo kwa kuyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na pia kwa kuvuta unyevu wa hewani hata siku isiyo na mvua. Upepo wa kusi unapovuma na kuyapiga mawimbi, rasharasha za bahari hufika barabara zilizo kando ya ufukwe na kulala chini ya magari. Kwa hiyo angalau mara moja kwa mwezi, na siku ileile ikiwa gari limepita juu ya mchanga wa ufukweni, maji baridi yasiyo na chumvi yaelekezwe kwa wingi ndani ya matao ya tairi, kwenye chasisi, na chini ya kingo za sakafu. Kisha yatafutwe matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini ya kila mlango na yazibuliwe kwa kijiti, kwa maana mlango ulioziba hubeba maji ndani yake kimyakimya, na malengelenge ya rangi yanapoonekana nje, bati limekwisha kulika kutoka ndani. Desturi ya kupulizia oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu haifai: huvimbisha bushi za mpira, hushika vumbi, na mvua huipeleka kwenye udongo na visima. Dawa ya nta iliyotengenezwa kwa ajili ya chasisi, ikipakwa juu ya bati lililooshwa na kukauka, hufanya kazi hiyo bila madhara hayo.

Maji machafu nayo yana njia yake. Gari lioshwe juu ya nyasi au kokoto, mbali na kisima, ili udongo uchuje mafuta na sabuni kabla hayajafika mbali, badala ya kuyaelekeza kwenye mtaro unaoishia mtoni au baharini. Kulipeleka gari mtoni au ziwani ni kosa la aina mbili. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari. Na kwa upande wa afya, mfano wa Kisumu unatosha: waosha magari waliofanya kazi wakiwa wamesimama ndani ya Ziwa Viktoria walichunguzwa na watafiti kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1990 kwa sababu ya kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopenya kwenye ngozi kutoka kwenye maji yenye konokono, na wengi wao waliambukizwa tena baada ya kutibiwa.

Kazi inapokwisha, milango, boneti na buti vifunguliwe ili kingo zake zifutwe na kupigwa na upepo, kisha gari liendeshwe mwendo mfupi huku breki zikikanyagwa kwa upole mara kadhaa hadi diski zikauke. Wekundu mwembamba unaoonekana juu ya diski kesho yake ni kutu ya juujuu inayofutika kwa breki za kwanza, na haupaswi kumtia mtu hofu. Lakini gari lililooshwa na kuegeshwa lingali na maji lisifungwe breki ya mkono usiku kucha, kwani pedi huweza kugandana na diski, hivyo mahali palipo tambarare litiwe gia na kuwekewa jiwe nyuma ya tairi.